Kadi Elfu Nne, Mara Kumi na Mbili

Niliingia katika chumba kile kwa sababu ya rangi. Zahanati ilikuwa kando ya barabara ya kutoka Migori kwenda Kehancha, na mganga aliyeisimamia alikuwa akitafuta mtu wa kukwangua kuta zote na kuzipaka upya. Mimi nilikuwa nimetoka Muhuru Bay, ambako nilichoka kugeuza dagaa wa omena juani. Kabla ya hapo nilikuwa Isebania nikipakia magunia, na kabla ya Isebania nilikuwa Kehancha nikivuna tumbaku. Shule niliiacha darasa la saba, huko kwetu Homa Bay. Sikufukuzwa. Nilitoka siku moja kwenda kuona jinsi mashine ya kusaga inavyofunguliwa ikiharibika, nikasahau kurudi.

Chumba cha kumbukumbu kilikuwa cha mwisho kwenye ukumbi. Kilikuwa na dirisha dogo la kuhudumia watu, meza, kabati la chuma lenye droo nane, na mama mmoja wa Rangwe aliyelitunza kabati hilo tangu siku lilipoletwa. Kidole chake cha shahada alikivisha kifuniko cha mpira, kile cha kupekulia karatasi, na sikumbuki kumwona akikivua hata wakati wa kula. Kila Jumatatu alirudi kutoka kwao na mfuko wa viazi vitamu vilivyochemshwa tayari, akaweka viwili juu ya kabati. Kimoja changu.

Aliniita jabayo. Ni neno la Kijaluo la mtu asiyetulia mahali pamoja, na wengine wakikuita hivyo unapaswa kukasirika. Yeye alilitamka kama mtu anayekuvutia kiti.

Droo zile zilikuwa na kadi za kina mama waliojifungulia pale tangu zahanati ianze, karibu elfu nne. Hazikupangwa kwa miaka. Zilipangwa kwa jina la nyumbani la mama, na majina yakifanana, kwa jina la babake. Nilikuwa nikikwangua ukuta wa nyuma siku ya kwanza mtu alipokuja dirishani kuuliza kadi. Mama wa Rangwe aliendelea kunisimulia habari za ng'ombe wa jirani yake aliyemeza soksi, huku mkono wake ukivuta droo, ukisukuma, ukivuta nyingine, na kabla soksi haijatoka kadi ilikuwa mezani. Nilihesabu. Alikuwa ametazama kadi kumi na moja.

"Mama, kati ya elfu nne?"

"Kwani wewe ungetazama ngapi?"

Nikamwambia ningeanza ya kwanza nikaenda mpaka nipate. Akacheka hadi miwani ikateleza.

"Hiyo si kutafuta. Hiyo ni kutembea. Ndiyo maana unaitwa jabayo." Akapangusa macho. "Nenda katikati. Uliza hiyo kadi: ninayemtaka yuko mbele yako au nyuma yako? Ikisema mbele, tupa nyuma yote. Usiangalie tena, hata kwa huruma. Iliyobaki, tena katikati."

Nilitaka kujaribu papo hapo. Akanitajia jina, la mama Mjaluo, la kuanzia na A. Mimi, kwa kuwa nimesoma mpaka darasa la saba na alfabeti naijua, nikajua katikati ya alfabeti ni M. Nikaenda droo yenye M. Nikarudi nyuma nusu ya herufi zilizobaki, nikapata G. Nusu tena, nikapata D. Nilipofika A nilidhani nimemaliza kazi, kumbe ndiyo ilikuwa inaanza. A zilikuwa zimejaa droo nne, na ya tano nazo zilikuwa zimeingia.

Ningepaswa kujua, mimi mwenyewe nikiwa Mjaluo. Kwetu msichana aliyezaliwa asubuhi, aliyezaliwa usiku, aliyezaliwa mvua ikinyesha, aliyezaliwa njiani, wote wana majina yao, na karibu yote huanza na A. Wavulana nasi tuna O yetu. Ukipanga Wajaluo kwa herufi ya kwanza, umepata mafungu mawili tu, wake na waume.

"Umegawa herufi," akasema. "Mimi nagawa kadi. Katikati ya alfabeti ni M, lakini katikati ya kabati langu ni A. Kabati ndilo lina watu."

Jioni ile, kabla sijapaka ukuta, nilichukua kipande cha mkaa nikaandika juu ya plasta: 4000, 2000, 1000, 500, 250, 125. Kutoka hapo nusu kamili haikupatikana, nikaandika 63, 32, 16, 8, 4, 2, 1. Nikahesabu hatua. Kumi na mbili. Nikaongeza kabati la pili la elfu nne, kwa mawazo tu, nikahesabu tena: kumi na tatu. Nilikaa juu ya debe la rangi kama mtu aliyepigwa. Kabati zima la pili, na kazi inaongezeka kutazama kadi moja! Baadaye nilisoma kwenye simu kwamba hata kompyuta hutafuta hivyo hivyo, nikamwambia mama wa Rangwe. Akasema ni vizuri, nayo imejifunza. Namba zile bado ziko pale, chini ya mikono miwili ya rangi ya krimu.

Njia hiyo ina sharti moja, na mama wa Rangwe alililinda kama moto wa jikoni: lazima kadi ziwe katika mpango. Kwa kuwa unatupa nusu bila kuitazama, kadi moja ikikaa mahali si pake imepotea, hata kama iko. Niliwahi kumsikia akimgombeza muuguzi aliyerudisha kadi mwenyewe akakosea kwa vidole viwili. "Umemzika mtu akiwa hai," alimwambia, na muuguzi alitaka kucheka, akaona uso, akaacha.

Alikuwa na sheria nyingine, isiyohusu mpango. Kadi haikufunguliwa ila kwa jina alilotaja mwenye kadi mwenyewe. Waume walikuwa wamekuja dirishani kuchungulia mambo ya wake zao, mama wakwe vilevile. "Aseme mwenyewe, kwa mdomo wake, vile alivyojiandikisha. Mimi sikisii jina la mtu."

Jumatano moja alikuja mama wa Kikuria kutoka Kehancha na binti yake. Nilikuwa nasugua fremu ya dirisha, kwa hiyo nilisikia yote. Binti alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi, na chuo kilitaka kitambulisho. Lakini watu wa mpakani hawapewi kitambulisho hivi hivi. Hupigwa msasa kwanza, wazee wanakaa kwa chifu na kuuliza babu yako alizikwa wapi. Wazee walikuwa wamemwambia binti alete karatasi ya kuonyesha alizaliwa upande huu wa Kenya. Wangekaa tena Ijumaa. Baada ya hapo hakuna aliyejua wangekaa lini, na chuo hakingesubiri.

Karatasi hawakuwa nayo. Kitabu cha kliniki kiliungua pamoja na nyumba, na kuzaliwa kwa mtoto hakukuwahi kuandikishwa popote. Mama alikuwa akitoka soko la Migori tumbo likiwa kubwa, uchungu ukamshika barabarani, wakamshusha hapa. Ushahidi pekee uliokuwako duniani ulikuwa kadi moja ndani ya kabati lile.

Jina lake la Kikuria, ambalo sitaliandika, huanza na R na lina herufi nne. Akalitaja, na la babake, akasukuma kitambulisho chake mwenyewe chini ya kioo. Mama wa Rangwe akasoma, akageukia kabati. Nilihesabu pamoja naye kimoyomoyo. Droo ya tano, ya saba, ya nane. Ndani ya droo ya nane akagawa, akagawa, mpaka kidole cha mpira kikasimama kati ya kadi mbili. Akazitenganisha kidogo. Kati yao hapakuwa na kitu.

Ndilo jambo lililonistaajabisha zaidi katika kazi ile. Mtu anayetafuta moja baada ya nyingine akikosa, amekosa tu. Yeye akikosa, alikuwa ameshika kwa kidole mahali penyewe ambapo kadi ingekaa kama ingekuwako.

Akarudi dirishani. "Kwa jina hilo, mama, hakuna."

"Angalia tena."

Akaangalia tena. Akafika palepale.

"Kwa jina hilo hakuna," akarudia, na sauti ikawa ya chini. Nyuma ya yule mama benchi lilikuwa limejaa watu, na wote walikuwa wamenyamaza ili wasikie vizuri.

Mama wa Kehancha hakulia. Alichukua kitambulisho chake, akakipangusa kwa kanga kana kwamba kimechafuka mle ndani, akatoka. Binti alibaki amesimama, akitazama kabati, kisha akamfuata.

Mama wa Rangwe alimimina chai vikombe viwili kutoka kwenye chupa yake mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Jabayo. Wapelekee. Na ukae nao, wewe unajua kuongea."

Walikuwa wameketi kwenye ngazi za upande wa tangi la maji. Nikawapa chai, nikakaa chini. Nilikuwa na swali tangu nilipoona R ile, na sikujua nianzie wapi, kwa hiyo nikaanza vibaya.

"Mama, wewe ulisomea wapi?"

Akaacha kupuliza kikombe. "Na wewe umeanza msasa?"

"Msasa wangu ni huu," nikamwonyesha kipande cha karatasi ya kusugulia mbao kilichokuwa mfukoni. "Huu haujui babu wa mtu."

Binti akacheka. Mama akajizuia, lakini bega moja lilitikisika.

Nikamwambia kwamba niliwahi kukaa Isebania, na kwa kuwa sina shule mimi husoma mabango. Fundi cherehani wa upande wetu alikuwa na jina kama lake, limeandikwa herufi nne. Ukivuka tu, upande wa Sirari, kulikuwa na saluni ya mama mwenye jina lilelile, ukilisikia huwezi kulitofautisha, lakini bango lake lilikuwa na herufi tano. Wenzetu wa Tanzania huweka h baada ya R. Nilizunguka mpaka wote nikitafuta bango la kuharibu sheria hiyo, kwa sababu sikuwa na kazi wiki ile, na sikulipata.

"Sijui habari za mabango," akasema.

"Mama," binti akasema polepole, "lile daftari lako la nyimbo za kanisa. Juu umeandika na h. Mimi nilidhani ulikosea."

"Nyamaza wewe."

"Ijumaa ni kesho kutwa, mama."

Chai ikaanza kufanya utando. Kisha yule mama akaanza kusema akitazama tangi. Alipokuwa mdogo alipelekwa kukaa na shangazi yake ng'ambo, nyumba ambayo ukisimama kilimani kwao unaiona, akasoma huko miaka minne.

"Mwalimu alinishika mkono kuandika jina. Nilikuwa siwezi kunyoosha kitu. Hiyo h ndiyo herufi yangu ya kwanza ilinyooka." Akachora hewani, mstari na kilima chake. "Nilipokuja hapa kuzaa, muuguzi alinipa kalamu niandike mwenyewe. Nikaandika vile nilifundishwa. Sasa wakati wa kitambulisho, karani akaiacha. Nikaona imeanguka, nikasema acha ianguke. Unajua ile h kule kwa chifu inaitwaje? Inaitwa mtu wa ng'ambo. Mimi nikiwa wa ng'ambo, huyu naye ni nani?"

Binti alishika ncha ya kanga yake, akaikunja.

"Mama," nikasema, "mimi siwezi kukuambia wazee watasema nini. Lakini huyu mama wa ndani hafungui kadi mpaka useme mwenyewe."

"Mbele ya lile benchi?"

Sikuwa nimefikiria benchi. Nikaingia, nikamwambia mama wa Rangwe kwamba wageni wanataka kusema jambo. Hakuuliza jambo gani. Alivuta kile kidirisha akakifunga, akatundika kibao cha CHAI saa tatu kasorobo, huku watu wakilalamika nje ("Chai gani na jua ndio limeamka?" mzee mmoja alipaza sauti), akawafungulia mlango wa ndani na kumpa mama wa Kehancha kiti chake mwenyewe.

Yule mama alilitaja jina lake herufi moja moja, kwa kunong'ona. Alipofika kwenye h alisita, akaimeza, akaitoa.

"Asante, dada," mama wa Rangwe akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa. Kisha kwangu: "Jabayo, osha mikono. Tafuta."

"Mimi?"

"Kwani rangi imekutia upofu?"

Nilikuwa nimejaribu mara nyingi kwa mchezo. Sasa nilivuta droo taratibu. Kadi ya kwanza ya droo ya tano: A. Tupa droo nne za mwanzo. Ya kwanza ya droo ya saba: N. Tupa ya tano na ya sita. Ya kwanza ya droo ya nane: R, lakini R inayofuatwa na o. H huja kabla ya o. Kwa hiyo droo ya nane yote nje, ile ile ambayo mama wa Rangwe alikuwa ameigawa mara mbili kwa uangalifu wote, huku kadi, kama ilikuwako, ikiwa imelala kwenye droo ya jirani. Herufi moja ilikuwa imehama na mtu wake.

Droo ya saba, katikati: N. Robo ya mwisho: N bado. Tena: R na e. Tena: R na i, nimepita. Rudi nusu. Sasa nilikuwa ndani ya h, kadi chache tu, zote jina moja, na nikaanza kutumia jina la baba. Nyuma. Mbele. Nilipotazama mara ya kumi na moja, nilisoma mara mbili kwa sababu sikuamini, na mama wa Rangwe akanipokonya.

Mwandiko ulikuwa wa mtu aliyeshika kalamu kwa nguvu. Ile h ilikuwa imenyooka kuliko herufi zote. Chini yake, kwa mwandiko wa muuguzi: mtoto wa kike, mzima, kilo tatu. Na mstari mwingine: Mama anatoka Kehancha.

Binti alisoma mstari wa mtoto wa kike akiufuata kwa kidole. "Huyu ni mimi," akasema, kana kwamba kuna aliyebisha.

Mganga aliandika barua na kupiga muhuri: kwamba kadi ipo, kwamba mtoto alizaliwa hapa, kwamba majina mawili yale ni ya mtu mmoja. Mama wa Rangwe alidai sentensi hiyo ya mwisho iandikwe upya mara tatu, mpaka isiweze kueleweka vingine. Nikawapa namba yangu ya simu, wakapanda boda boda wote wawili, barua ikiwa kifuani mwa mama.

"Ulijua," nikamwambia mama wa Rangwe walipoondoka.

"Nilijua nini?"

"Habari ya h."

"Mimi najua kadi. Ya watu nasubiri waseme." Akafungua kidirisha, akaona benchi linamtazama, akakifunga tena kidogo. "Kuna maneno hayaulizwi hapa."

"Na chai ukanipa mimi nipeleke."

"Ningemtuma nani, mlinzi? Huyo ukimtuma na chai anainywa njiani."

Mchana alikata kipande cha katoni ya rangi yangu, akakipima juu ya kadi mpaka kikalingana. Nilitarajia ahamishe kadi ya yule mama aipeleke kwenye herufi nne, kama kitambulisho kinavyosema. Hakuihamisha. "Hivyo ndivyo alijiandika," akasema. Juu ya katoni aliandika jina la herufi nne na la babake, na chini yake: Tazama herufi tano. Kisha akaenda droo ya nane, akakitia pale kati ya kadi mbili ambapo kidole chake kilikuwa kimesimama asubuhi.

Ijumaa hatukuwa watu wa kufanya kazi. Nilipaka mlango mmoja upande uleule mara mbili. Yeye alitafuta kadi ya mama mmoja, ya A, jina jepesi, akafungua mara kumi na tano. Ya kumi na sita aliisukuma droo kwa nyonga, akasema kabati linahitaji mafuta.

Saa tisa na kitu simu yangu ikalia mfukoni nikiwa juu ya ngazi, nikashuka na brashi mdomoni. Ulikuwa ujumbe mfupi. Nikausoma kwa sauti: "Wamekubali. Binti amepiga picha na vidole vya kitambulisho leo. Mungu awabariki nyote wawili."

Mama wa Rangwe alikaa. Akavua kile kifuniko cha mpira, mara ya kwanza nikiona, na kidole chini yake kilikuwa cheupe na chenye mikunjo kama cha mtu aliyefua nguo siku nzima. Akafuta miwani.

"Chini ameandika jina lake?"

"Ameandika."

"Hebu hesabu."

Nikageuza simu ili ajionee, lakini akatikisa kichwa, akitaka nihesabu mimi. Nikaweka ukucha wenye rangi ya krimu juu ya kioo, nikahesabu herufi moja moja. Zilikuwa tano.